Kozi ya AEO baki nayo, mimi nimejifunza kwa muongoza wageni

Mwezi juzi nilikuwa Arusha ofisini kwa mteja wangu, ana kampuni ya kupandisha watu mlima Kilimanjaro na mimi ndo namuandikia saiti, nimefungua laptop nimuoneshe ripoti ya kliki za kutoka Google, zimeporomoka vibaya. Mzee hata hakuiangalia. Kachukua simu yake kaandika kwa kizungu njia ya Machame inachukua siku ngapi, na jibu hilo hapo juu kabisa, siku 6 au 7, AI ya Google imelipanga vizuri, na pembeni kijialama kidogo cha saiti yake. "Kijana, haya si maneno yetu haya?" Ndo yenyewe. Nimeyaandika mimi. Sa hivi mzungu anayasoma pale pale, anafunga simu analala, kwetu hapiti.

Nimerudi home nakutana na tangazo kwenye grupu la WhatsApp, SEO (kuipandisha saiti ionekane juu kule Google) imekufa, lipia kozi ya AEO (kuandika ili AI ikuchukue kwenye majibu yake) nafasi chache. Jamani, SEO imekufa mara ngapi? Ilikufa Google walipoleta mabadiliko yao ya Panda 2011, ikafa walipoleta ya Penguin 2012, ikafa tena 2015 Google walipoanza kupendelea saiti zinazofunguka vizuri kwenye simu. Hiyo maiti ina roho ya paka.

Ila tuseme ukweli tu, tulikuwa tunakula kivivu. Mimi nimeandika njia ya Lemosho siku 8 mwanzo mwisho wakati geti lake la Londorossi sijawahi hata kulisogelea, nilifungua saiti tano za wenzangu nikachanganya, keyword (lile neno watu wanalotafuta Google) kwenye kichwa cha habari, keyword kwenye jina la picha, invoisi hiyo. Na wao walinakili kwa nani? Fungua saiti kumi za mji huu uone kama hujakuta sentensi moja ile ile ya miezi mizuri ya kupanda mlima. AI haikupata shida kutufupisha, tulishajifupisha wenyewe. Agosti 2022 Google walivyosema wanataka maandishi yenye msaada kwa binadamu nilitukana sana, leo kwa shingo upande nakubali hapo walikuwa sahihi. Kuchukua chakula chetu na kukipakua kwenye sahani yao hiyo ni kesi nyingine, sijawasamehe.

Sasa siku ile pale ofisini kulikuwa na muongozaji mmoja kakaa kwenye benchi anasubiri hela yake, katusikiliza weee, mwisho akauliza, "Kaka, mbona hamuandikagi kwamba kambi ya Barafu hamna maji?" Nikanyamaza. Kumbe maji ya mwisho ni kambi ya Karanga, pale Barafu kila tone limepandishwa na wagumu, yaani wapagazi, halafu mgeni analalamika kapewa beseni dogo la kunawia. Akaniambia pia usiku wa kwenda kileleni chupa unaibeba kichwa chini, maana maji yanaanza kuganda kwa juu, na mpira wa kunyonyea maji kutoka kwenye begi ndo unaziba mapema kabisa. Dakika kumi! Mimi nimeuandika huo mlima miaka.

Najua, AI italiokota na hilo. Liokotwe. Mtu anayekaribia kutoa dola 2,000 na zaidi hatoi kwa ajili ya muhtasari, anataka kujua nani kasema, na huyo aliyesema yupo au hayupo siku atakayopanda yeye. Kwa hiyo sa hivi kila ukurasa una jina la muongozaji na picha yake, na mimi nabeba simu kwenda kuwarekodi, siandiki tena kutoka kitandani.

Mengine ni kawaida tu, maoni ya Google ombeni pale geti la Mweka wanaposhukia, mgeni ameshika cheti na bado anacheka, akishafika hotelini kakusahau.

Ripoti nayo nimeipunguza, ukurasa mmoja, nani katuma meseji, nani kalipa advansi. Mwezi huu wamelipa wanne. Aibu kidogo, lakini wawili kati yao wameandika kabisa wanamtaka yule jamaa wa chupa kichwa chini. Nikampigia kumpa habari njema, akaniuliza kama ile hela yake ya siku ile bosi ameshaitoa.