Shangazi yangu hakumuua mtoto

Jumapili iliyopita tulikuwa Mbagala kwenye hitma ya arobaini ya mtoto wa kaka yangu. Alikuwa na miaka sita. Wanawake wameketi uani kwenye majamvi, pilau liko jikoni, shehe bado hajafika. Shangazi akaingia, akavua viatu, akaketi pembeni. Wanawake wanne waliokuwa kwenye jamvi lile wakainuka mmoja mmoja, huyu anakwenda kutazama chai, yule anamfuata mtoto, mpaka mama wa miaka sabini akabaki peke yake na mkoba wake mapajani. Hakuna aliyemtukana. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akaushika mkono wangu asiuachie, akaniuliza, "Na wewe mwanangu unaamini?"

Tangu siku hiyo silali vizuri. Haya nayaandika kwa hasira na sitaki kujifanya sina.

Mtoto alikuwa na siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hospitali walisema hivyo tangu alipokuwa na miaka miwili, alipovimba vidole na macho yakawa manjano. Wazazi wake walisikia, kisha wakaanza kuzunguka. Shehe alisoma kisomo, akaomba dua, hakumtaja mtu. Mganga wa upande wa Mkuranga akapiga ramli: mkono unatoka kwa mwanamke wa upande wa baba. Jirani akawapeleka kwenye mkesha wa mtumishi mmoja wa Mungu, naye akaweka mkono kichwani mwa mtoto akasema anamwona mwanamke mtu mzima, mwembamba, anaishi peke yake. Wawili hawa hawawezi kunywa chai meza moja, lakini kwa kuwa walisema neno moja, ukoo mzima ukaona ushahidi umekamilika. Mimi nauliza: ni ukoo gani hapa mjini usio na mwanamke mtu mzima, mwembamba, anayeishi peke yake?

Sisi tunabishana kuhusu vitu. Mlokole anamcheka mvaa hirizi, mvaa hirizi anamcheka mwenye chupa ya mafuta ya upako kwenye bajaji, na wote wawili wanamcheka anayepeleka kitambaa cheupe kwenye mbuyu. Mimi nimelelewa na bibi wa Kilwa. Homa ikinizidi aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, nikanywa kombe huku mkono wake uko mgongoni mwangu. Simwoni mtu aliyeumizwa na kombe lile. Kila watu wana lao: Wajapani huchukua hirizi za kitambaa kwenye mahekalu, Wayahudi huweka maandiko kwenye miimo ya milango, Wakatoliki hurudi kutoka Lourdes na maji. Na dini zenyewe zilishaijua hatari ya kushika kitu ukamsahau Mungu. Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba, ile ile aliyoitengeneza Musa, watu walipoanza kuifukizia uvumba. Sayyidna Umar aliliambia Jiwe Jeusi la Al-Kaaba kwamba anajua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume akilibusu naye asingelibusu. Nakubali, shingo upande, kwamba vitu navyo huua. Tarehe 1 Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sijausahau msiba ule.

Lakini chupa ya mafuta haijui jina la shangazi yangu. Pale ibada inapoanza kutaja mtu ndipo ninaposimama na kukataa.

Mtafiti Mwingereza Evans-Pritchard, aliyekaa miaka ya 1920 na Waazande wa nchi ambayo leo ni Sudani Kusini, alieleza habari za ghala linalowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Waazande wanajua kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Shemeji yangu aliuliza hilo hilo wodini: kwa nini wangu, kwa nini sasa? Daktari alikuwa na foleni mpaka nje, akampa dakika chache na karatasi. Mtumishi alikesha naye mpaka alfajiri. Hilo ninampa, na linaniuma kumpa.

Tatizo ni kwamba jibu lenye jina la mtu linafunga maswali mengine yote. Huko Nigeria, Wayoruba wana neno abiku na Waigbo wana ogbanje: mtoto anayezaliwa, akafa, akarudi tena kwa mama yule yule kuja kumtesa. Maiti za watoto hao zilitiwa alama ili wakirudi watambulike. Baadaye madaktari wakaona kwamba mengi yanayosimuliwa juu ya watoto hao yanalingana na siko seli. Hebu mfikirie mama aliyezika watatu, akaambiwa ni mmoja aliyekuwa akimdhihaki. Kule alilaumiwa mtoto, huku analaumiwa shangazi, na Salem kule Marekani mwaka 1692 mahakama ya Wakristo wasomi wa Biblia ilinyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi, baada ya wasichana kuugua ugonjwa usioeleweka. Siko seli inatoka kwa baba na mama wote wawili, nao wanaweza kuwa wazima wasijue wamebeba nini. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba, uwezekano wa mtoto kuupata ugonjwa ni mmoja kati ya minne. Ndiyo maana nyumba moja inazika wawili na ya jirani haiziki hata mmoja. Naelewa kabisa kwa nini inafanana na laana.

Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Tulishangilia. Tulishasikia pia habari za vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Ramli ile ile ikipita kwenye kipaza sauti kwa jina la Yesu, au ikisemwa na mwenye msahafu mkononi, tunaitikia amina. Kwa nini? Aliyeua kwa panga na aliyemwonyesha nyumba ya kwenda hawajaachana mbali.

Kaka yangu nampenda na sina haki ya kumpangia namna ya kulia. Ila alimzuia shangazi asimwone mtoto miezi mitatu ya mwisho, na mtoto alikuwa akimuulizia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimkandia miguu ikimuuma usiku.

Kuna mdogo wa marehemu, ana mwaka na nusu. Hajapimwa. Nilipomgusia kaka akasema adui ameshajulikana, mtoto huyu atakingwa. Nikaenda jikoni kwa shemeji. Alinisikiliza huku akipakua pilau, hakuinua macho, kisha akaniambia nije Jumatatu saa moja asubuhi, kaka akishatoka kwenda Kariakoo, na nisimwambie mtu mpaka majibu yatoke. Halafu akajaza sahani, akanipa nimpelekee shangazi.