Hakimiliki na Nyaraka za Kidijitali: Tunagombania Rafu Isiyohusika

Kuna hoja inayorudiwa sana Nairobi kila maktaba inapoanza kuskani hazina yake: kwamba kitu kikiwekwa mtandaoni "kwa ajili ya elimu", sheria inakilinda. Hoja hiyo imeagizwa kutoka Marekani. Huko, tangu mwaka 1976, sheria inamwachia hakimu vigezo vinne vya kupimia: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko. Karibu lolote linaweza kubishaniwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haikuumbwa hivyo. Inataja shughuli zenyewe: utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki, kuripoti matukio ya sasa, na chanzo lazima kitajwe. Kando ya hizo kuna ruhusa chache nyingine zilizoandikwa moja moja. Shughuli yako isipoangukia popote humo, nia njema haikuokoi.

Na hata Marekani kwenyewe nia njema ina mpaka. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya New York iliipa Google ushindi dhidi ya chama cha waandishi, ingawa kampuni hiyo ilikuwa imeskani zaidi ya vitabu milioni 20, kwa sababu msomaji alionyeshwa vijisehemu tu. Mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo iliiangusha Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, mbele ya wachapishaji wanne. Yenyewe ilikuwa inaazimisha kitabu kizima, tena kwa karibu miezi mitatu ya mwaka 2020 iliondoa hata sharti la kuazimisha nakala moja kwa msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Ukinipa kijisehemu nitakwenda kutafuta kitabu. Ukinipa kitabu chote, duka la nini?

Kwa hiyo wachapishaji wetu wasionekane wachoyo wanapolalamika. Soko la vitabu Kenya linabebwa na shule. Riwaya au tamthilia ikiteuliwa kutahiniwa, mwandishi wake anapata miaka michache ya mrabaha wa maana, halafu kitabu kingine kinateuliwa na yeye anasahaulika. Katika miaka hiyo hiyo michache ndipo PDF inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na walimu (ndiyo, walimu pia), na vibanda vya fotokopi vilivyo karibu na vyuo vinatoa kopi kitabu kizima kuanzia jalada hadi jalada. Hapo nasimama na wachapishaji bila kusita. Anayesema ni elimu aulizwe kama karo ya mtoto wa mwandishi nayo hulipwa kwa elimu.

Lakini tatizo hilo halimo katika hazina za nyaraka. Ingia McMillan pale mtaa wa Banda, maktaba iliyofunguliwa mwaka 1931, au Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa katika jengo la zamani la benki, Moi Avenue. Kilichojaa mle ni magazeti, ripoti za wilaya, barua, picha, vijitabu vya vyama vilivyokufa na kampuni zilizofungwa. Hakuna mzazi anayevitafuta dukani, na hakuna duka linaloviuza. Ugomvi wa rafu ya vitabu vya shule umebebwa ukapelekwa mzima mzima kwenye rafu hizi, na mkutubi anayeogopa kushtakiwa anaamua lililo salama kwake: kufunga.

Hofu yenyewe mara nyingi haina msingi. Kazi ya maandishi inalindwa Kenya katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Tom Mboya aliuawa 1969. Maandishi yake yalitoka kwenye ulinzi mwaka 2019 ulipokwisha. Ya Shaaban Robert, aliyefariki 1962, yako huru hapa tangu mwanzo wa 2013, ingawa utangulizi na michoro mipya ya toleo la sasa ina ulinzi wake. Ya Jomo Kenyatta yatafunguka tarehe 1 Januari 2029. Mtu yeyote mwenye kalenda anaweza kupiga hesabu hizi, na maktaba inayoweka kufuli juu ya maandishi ya Mboya leo haimlindi mtu.

Tukiondoka kwa watu mashuhuri, hesabu inakuwa ngumu. Chukua gazeti la Baraza, lililoanza mwaka 1939 na ambalo halichapishwi tena. Makala isiyo na jina la mwandishi inahesabiwa miaka 50 tangu ilipochapishwa. Makala ya mwaka 1955 iliyotiwa saini na mwalimu fulani wa Machakos inategemea mwalimu huyo alifariki lini. Akiwa alifariki 1995, imefungwa mpaka mwisho wa 2045. Nani atajua? Mkutubi atafunga safari ya kuwatafuta warithi wake kwa sababu ya safu mbili za gazeti?

Muziki una mtego wake. Rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 tangu iliporekodiwa, kwa hiyo sahani za santuri za miaka ya 1950 zimeshafunguka. Wimbo ulio ndani ya sahani hiyo, hapana. Mwanamuziki Fundi Konde alirekodi miaka hiyo na akafariki mwaka 2000, basi tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2050. Hifadhi iko huru kwa sahani na imefungwa kwa wimbo. Picha nazo zinahesabiwa miaka 50 kuanzia zilipopigwa au zilipotolewa kwa umma, na tarehe iliyo ya baadaye kati ya hizo ndiyo inayoshinda. Picha ya Uhuru iliyochapishwa gazetini Desemba 1963 ni ya kila mtu. Iliyolala kwenye sanduku la mpiga picha tangu siku ile, warithi wake wakaitoa mwaka huu kwa mara ya kwanza, inaanza kuhesabiwa upya.

Kazi kama ile makala ya mwalimu wa Machakos ndizo zisizo na mwenyewe anayejulikana, na ndizo zinazostahili ubishi wetu. Umoja wa Ulaya ulizitungia agizo mwaka 2012: taasisi ikitafuta kwa bidii na ikakosa, inaruhusiwa kuziweka mtandaoni, na mwenyewe akijitokeza ana haki yake. Uingereza ilianza kutoa leseni za kazi kama hizo mwaka 2014. Mpinzani atasema "kutafuta kwa bidii" kutageuka kuwa simu moja isiyopokelewa. Hatari hiyo ipo, na inadhibitiwa kwa kutaka kumbukumbu ya utafutaji iwekwe hadharani pamoja na kazi yenyewe.

Kuna pingamizi jingine ambalo kwangu ni zito kuliko la wachapishaji, nalo halihusu pesa. Baba ya mtu akipigwa picha kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, hakuulizwa. Mzee aliyeimba wimbo wa jando mbele ya mashine ya mtafiti hakuambiwa kwamba siku moja utasikika kwenye simu ya kila mtu. Hakimiliki haiwasaidii hawa, kwa sababu mara nyingi ni mali ya aliyeshika kamera. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii inawagusa baadhi yao. Hifadhi iwe na busara ya kuchelewesha vitu vya namna hii hata pale sheria inapouacha mlango wazi.

Ila busara hiyo isigeuzwe kisingizio cha taasisi kujifanya mwenye mali. Kuhifadhi karatasi si kumiliki kilichoandikwa juu yake. Ada ya kazi ya kuskani ni halali. Ada ya "ruhusa" juu ya picha ambayo ulinzi wake umekwisha ni kodi isiyo na sheria.

Njia ya kutokea iko karibu kuliko tunavyodhani. Bunge lilishafungua mlango mmoja mwaka 2019, wasioona waweze kutengenezewa nakala wanazoweza kuzisoma, kufuatia Mkataba wa Marrakesh ambao Kenya ilijiunga nao 2017. Na sheria ya 2001 ilikuja na kifungu kinachoziruhusu maktaba za umma zitakazotajwa kwa kanuni kunakili kazi kwa manufaa ya umma, mradi zisiingize mapato. Ningependa waziri husika azitaje McMillan, Huduma ya Maktaba za Taifa na Hifadhi ya Nyaraka kwa majina, na kanuni iseme wazi kwamba kunakili huko ni pamoja na kuweka mtandaoni kazi ambazo haziuzwi tena. Mchapishaji anayepinga aonyeshe duka linalokiuza kitabu hicho leo.