Miche ya Shangazi Bado Iko Kwenye Viriba

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea shangazi yangu wa Luweero, Uganda, miche 60 ya kahawa. Juzi nimerudi nikaikuta palepale nilipoishusha, chini ya mfenesi, mizizi imeanza kutoboa viriba. Mvua imenyesha, mashimo yameshachimbwa. Nikamuuliza kulikoni. Akanishika mkono hadi mwisho wa migomba, akanionyesha jiwe la saruji lililosimikwa ardhini, lina namba juu yake. Wapimaji walikuja yeye akiwa msibani.

"Mwanangu, nipande kahawa ya nani?"

Swali hilo limeninyima usingizi.

Shangazi amezaliwa kwenye kibanja hicho, yaani shamba la mpangaji juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mpaka wake ni safu ya mimea ya mulamula aliyoipanda babu, na majirani wote wanaijua. Kyapa, yaani hati ya ardhi, iko kwa mtu mwingine aliyeirithi, na sasa tunasikia ameuza. Sheria ya Ardhi ya 1998 inasema mwenye mailo, yaani mwenye ardhi anayeshika kyapa, akitaka kuuza, wa kwanza kuulizwa ni mwenye kibanja. Marekebisho ya 2010 yakaongeza kwamba mtu hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kutolipa busuulu tu, ile kodi ndogo ya mwaka anayolipwa mwenye ardhi. Shangazi hakuulizwa na yeyote. Busuulu amelipa. Stakabadhi anazitunza kwenye kopo la biskuti, nyingine wino umeshafifia.

Halafu watu wanasema mkulima wetu hataki kilimo cha biashara, amezoea kulimia tumbo. Jamani! Robusta inataka kama miaka mitatu ndipo uanze kuchuma. Migomba ikitunzwa inalisha hadi wajukuu. Sasa mtu asiyejua mwakani atalala wapi apande nini? Atapanda mahindi na maharagwe, avune upesi, ale, asubiri. Samadi haweki, maana faida yake ataiona nani? Makinga maji hachimbi. Udongo unachoka, gunia zinapungua, njaa inabisha hodi, kisha unaletwa mradi wa mbegu bora. Shangazi hajawahi kukosa mbegu! Anachokosa ni uhakika kwamba atakayevuna ni yeye. Mimi siku hizi nikiingia kijijini, kitu cha kwanza ninachotafuta kwa macho ni mti uliopandwa mwaka huu. Kwenye vibanja vyenye mawe ya wapimaji siuoni.

Na mzizi wa haya tunaujua. Machi 1900 Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza, alitiliana mkataba na wakuu wa ufalme wa Buganda, Kabaka (mfalme) Daudi Chwa akiwa mtoto wa miaka 3. Ardhi ikagawiwa kwa maili za mraba, na ndiko lilikotoka jina mailo. Waliokuwa wakiilima wakaamka wapangaji. Uhuru ukaja 1962. Rais Idi Amin akatangaza 1975 kuwa ardhi yote ni ya umma, Katiba ya 1995 ikairudisha mailo, na humohumo ibara ya 237 ikasema ardhi ni ya raia wa Uganda. Shangazi ni raia. Mbona hesabu za 1900 bado zina nguvu kuliko mulamula wa babu?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wenye mailo nao wana kilio. Busuulu ya mwaka mzima kijijini haifiki bei ya kuku. Lakini sheria ileile ya 1998 iliweka Mfuko wa Ardhi ili mwenye kibanja akopeshwe, amlipe mwenye mailo, apate kyapa yake. Fedha ziwekwe humo, ziwafikie watu kama shangazi kabla wapimaji hawajafika. Na kyapa zikitoka, majina ya wanawake yaandikwe, maana ndio wanaoshika jembe.

Jumatatu tunakwenda ofisi ya ardhi ya wilaya, mimi na yeye na lile kopo. Nilimwomba tupande japo miche kumi kwanza. Akatikisa kichwa, akachukua ndoo, akaimwagilia yote ikiwa humohumo kwenye viriba.