Desemba: Mombasa au kwa Kukhu?

Mwezi wa kumi ukiingia, nyumba nyingi hapa Kisumu huanza ubishi uleule. Watoto wanataka Mombasa. Baba anataka nyumbani, Bungoma au Siaya, kwa nyanya yao, ambaye sisi humwita kukhu. Mama ndiye anayepiga hesabu, na kwa hiyo ndiye anayekaa kimya kuliko wote.

Wanaoipinga safari huuliza: kwa nini mtu asafiri zaidi ya kilomita 800 kufuata maji, na Ziwa Victoria liko mlangoni? Swali hilo lina uzito wake. Dunga kuna mashua na samaki wa kukaanga, na jioni unaliona jua likizama majini. Mombasa haina hilo, maana bahari yao iko mashariki na jua huzama nyuma ya mgongo wako. Ila ziwa letu ni la kutazamwa. Lina kichocho, lina viboko, lina magugumaji. Mtoto wa Kisumu hukua akiambiwa "toka majini". Konokono wanaoeneza kichocho hawaishi katika maji ya chumvi, na pale Nyali na Bamburi, fuo za Mombasa, mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi makubwa kabla hayajafika ufuoni. Tena kuna maji kupwa na kujaa, jambo ambalo mtoto wa ziwani hajapata kuliona: asubuhi bahari imerudi nyuma mbali, mchana imekuja hadi ulipoacha ndara zako. Mimi naona hilo peke yake latosha kumtoa mtoto nyumbani. Ni hilo hilo pia linalomtaka mzazi awe macho, kwa kuwa mahali palipokuwa na maji ya magotini saa nne huenda saa tisa pakawa na maji ya kifuani.

Gharama inajulikana. Tangu Januari 2024 nauli ya treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili ni 4,500 kwenda na 4,500 kurudi. Ongeza basi la Kisumu hadi Nairobi, ambalo Desemba hupandisha nauli bila haya, na tiketi za treni zinazoisha mapema. Nyumba za kukodi kwa siku nazo hupanda wiki ya Krismasi. Familia inayolipa karo Januari haiwezi kujifanya haioni.

Lakini mimi sidhani pesa ndiyo gharama kubwa. Kwetu Krismasi ni ya kukhu. Kuku ameshatengwa tangu Oktoba, vitanda vimepangwa, na mama mkwe amewaambia majirani nani anakuja. Mwaka tulioenda Mombasa Desemba, nilimpigia simu siku ya sikukuu tukiwa ufuoni. Akauliza watoto wamekula nini, kisha akasema yeye hakuchinja. Sikuwa na jibu. Wapo watakaoniambia wazee huzoea, na kwamba watoto nao wana haki ya kuijua nchi yao. Ni kweli, wanayo haki hiyo. Ila bahari ingekuwepo Agosti vilevile, na kukhu hana Krismasi mbili kwa mwaka.

Kwa hiyo nasimama na Agosti. Nakubali kasoro zake: kusi bado inavuma, maji yanachafuka kidogo, mwani huletwa ufuoni, na likizo ni fupi. Halafu kwa Wabukusu, Agosti ya miaka kama 2024 na 2026 ni msimu wa tohara, na huwezi kuwa Bamburi ukila viazi karai wakati mtoto wa kaka yako anaingia jandoni. Inabaki Agosti ya miaka mingine.

Kuhusu mahali, marafiki hunishauri Diani, kwa sababu ya mchanga mweupe na utulivu. Kufika huko kumekuwa rahisi tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe: kutoka Miritini, treni inapoishia, unafika Kwale, iliko Diani, bila kupanda feri ya Likoni. Bado nachagua upande wa Bamburi. Watoto wa umri wa shule hawatafuti utulivu. Wanataka ngamia, mipira ya kuelea, madafu, na watoto wenzao. Kelele za muziki usiku ni kero kweli, basi kodi nyumba barabara moja au mbili nyuma ya ufuo. Siku ya mawingu kuna Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na Haller Park, msitu uliooteshwa juu ya machimbo ya zamani ya mawe ya kutengenezea saruji.

Sisi tumeiandika Agosti ya 2027, na tiketi tunazohesabu ni tano. Kukhu hajawahi kuiona bahari. Alipoambiwa, aliuliza kama kule kuna mahali pa kukaa kivulini.