Liberal Democrats wana wabunge 72, lakini imani ya wapigakura imefika wapi?

Julai 2024 chama cha Liberal Democrats kilipata wabunge 72 katika Bunge la Uingereza lenye viti 650. Hakijawahi kufika hapo tangu kilipoundwa mwaka 1988, pale chama cha Liberal kilipoungana na Social Democratic Party. Miaka mitano kabla kilikuwa kimeambulia viti 11. Anayetazama viti peke yake atasema wananchi wamekirudia chama hiki cha mrengo wa kati. Kura zinasema jingine: mwaka 2019 kilipata asilimia 11.6, mwaka 2024 asilimia 12.2. Viti vimeongezeka zaidi ya mara sita, kura karibu ziko palepale.

Siri iko kwenye mfumo. Kila jimbo la Uingereza hutoa mbunge mmoja, na anayeongoza kwa kura hupita hata kama hakufikia nusu. Chama chenye kura zilizotawanyika nchi nzima huumia. Mwaka 1983 muungano wa Liberal na Social Democratic ulipata asilimia 25.4 ya kura ukaondoka na viti 23, wakati chama cha Labour kwa asilimia 27.6 kilipata viti 209. Chini ya kiongozi wao Ed Davey, Liberal Democrats waliacha kutafuta kura kila mahali. Walichagua majimbo ambako mpinzani wao ni chama cha Conservative, hasa kusini mwa England, wakapeleka huko fedha, watu wa kugonga milango na vipeperushi. Kipeperushi chao cha kawaida kina mchoro wa nguzo mbili ndefu, yao na ya Conservative, na kijinguzo kifupi cha Labour, pamoja na maneno kwamba Labour haiwezi kushinda hapa. Ujumbe unamlenga mfuasi wa Labour: ukitaka mbunge wa Conservative aondoke, tupe kura yako.

Uchaguzi mdogo wa Chesham and Amersham, Juni 2021, unaonyesha jinsi mbinu hiyo inavyofanya kazi. Conservative walikuwa wameshinda jimbo hilo mwaka 2019 kwa tofauti ya kura 16,223. Liberal Democrats wakalichukua kwa tofauti ya kura 8,028, na mgombea wa Labour akabaki na kura 622 tu. Mwaka 2024 hata Witney, lililokuwa jimbo la David Cameron, Maidenhead la Theresa May na Henley, alikowahi kuwa mbunge Boris Johnson, wote watatu mawaziri wakuu wa zamani wa Conservative, yakaenda kwao.

Hapa ndipo wenye shaka wanapoanzia, na hoja yao ni nzito. Kura nyingi kati ya hizo ni za kuazima. Aliyezitoa alikuwa anaiadhibu Conservative baada ya miaka 14 madarakani. Sasa Labour ndiyo serikali, Conservative imedhoofika, na chama cha Reform UK cha Nigel Farage kinapanda. Kura ya hasira haina sababu ya kubaki ilipo kama aliyekasirikiwa ameshaondoka.

Kuna pia jeraha la mwaka 2010. Wagombea wa chama walitia saini ahadi ya kupinga nyongeza yoyote ya ada ya vyuo vikuu. Baada ya uchaguzi kiongozi wake wa wakati huo, Nick Clegg, akaingia serikali ya mseto na Cameron, na Desemba mwaka huohuo Bunge likaruhusu ada ipande kutoka pauni 3,290 kwa mwaka hadi pauni 9,000. Serikali ilishinda kwa tofauti ya kura 21. Wabunge 21 wa Liberal Democrats walipinga, wengine wengi wakaunga mkono. Clegg aliomba radhi mwaka 2012, lakini mwaka 2015 chama kiliporomoka kutoka viti 57 hadi 8. Kosa, kwa maoni yangu, lilianza kabla ya kuingia serikalini. Chama kinachojua hakiwezi kushinda peke yake lazima kiwaambie watu mapema ni ahadi gani hakitaiuza mezani. Hiki kilitia saini hadharani ahadi ambayo viongozi wake wenyewe hawakuwa tayari kuifia.

Upande wa pili usipuuzwe. Ndani ya mseto uleule chama kilipandisha kiwango cha mapato kisichotozwa kodi kutoka pauni 6,475 hadi pauni 10,600, kikaleta fedha za ziada kwa shule zenye watoto wa familia maskini, na mlo wa mchana bila malipo kwa watoto wa madarasa ya mwanzo. Mamilioni walinufaika, ila sifa nyingi zilimwendea Cameron. Na katika halmashauri chama kinaaminika kwa kazi inayoonekana. Mei 2025 kilipata wingi wa madiwani Shropshire, Oxfordshire na Cambridgeshire, Conservative wakiwa tayari wako upinzani. Ushindi huo hauelezeki kwa hasira dhidi ya serikali ya zamani peke yake.

Wanapojikwaa zaidi leo ni kwenye nyumba. Ilani ya mwaka 2024 iliahidi nyumba mpya 380,000 kila mwaka. Mwaka mmoja kabla, uongozi ulitaka kuliondoa lengo hilo na wanachama wakakataa mkutanoni. Huku Chesham and Amersham kampeni ilikuwa imejengwa juu ya kupinga mabadiliko ya sheria ya mipango miji ambayo yangerahisisha ujenzi. Kijana anayelipa kodi ya pango kubwa na mzee anayelinda mashamba ya jirani yake hawawezi wote kuridhika na mbunge mmoja. Davey mwenyewe ana deni lake: akiwa waziri aliyesimamia Posta mwaka 2010, mwanzoni alikataa kukutana na Alan Bates, aliyekuwa akiwatetea wakuu wa posta walioshtakiwa kimakosa kwa sababu ya hitilafu za mfumo wa kompyuta. Ameomba radhi.

Jambo moja linanifanya nisiwahukumu vikali. Bado wanadai kura zihesabiwe kwa uwiano. Kwa hesabu nyepesi, asilimia 12.2 ingewapa viti kama 79, saba tu zaidi ya walivyo navyo, wakati Reform yenye asilimia 14.3 ingepanda kutoka viti 5 hadi karibu 93. Wanadai mageuzi ambayo faida yake kubwa ingekwenda kwa mpinzani wao mkali. Hapo nawaamini.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali, wakiwemo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda, wana haki ya kupiga kura ya ubunge wakijiandikisha si chini ya siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, na pasipoti ya nchi yao inakubalika kituoni kama kitambulisho. Mgombea wa Liberal Democrats akigonga mlango, muulize mawili: nyumba mpya zitajengwa wapi ndani ya jimbo hili, na Bunge likikosa chama chenye wingi, ni ahadi ipi ambayo chama chake kitakataa kuiacha hata kikinyimwa uwaziri?