Mkoba wa ngozi hauzeeki peke yake

Mwezi uliopita mkanda wa mkoba wangu ulikatika nikishuka kwenye matatu, nikaupeleka kwa fundi wa viatu anayekaa karibu na steji kuu ya Kisumu. Mzee huyu hana haraka. Aliulaza mkoba magotini, akapitisha ukucha polepole juu ya mshono mpaka akafika pale pete ya chuma inaposhikana na mkanda. "Ngozi haina neno, binti yangu. Uzi ndio umechoka." Akauburuta uzi mpya wa nailoni juu ya donge la nta, akachukua msharasi, akashona akifuata matundu yaleyale ya zamani bila kutoboa hata moja jipya. Nilipomuuliza sababu, alisema kila tundu jipya ni mahali pengine pa kuraruka. Kazi ilichukua robo saa, nikamlipa shilingi mia moja na hamsini.

Mkoba huo niliununua soko la Kibuye Jumapili moja, miaka tisa iliyopita, nao hata wakati huo ulikuwa mtumba. Kuna mtu ughaibuni aliuvaa kabla yangu. Umeona mitindo minne au mitano ya nguo ikipita, na bado watu huniuliza nimeutoa wapi. Mapenzi haya ya mkoba wa ngozi wenye mkanda mrefu unaovaliwa mshazari kifuani yanatoka wapi, na je, yanastahili? Marafiki zangu wamegawanyika. Wengine wanasema ngozi ni ngozi, haina mpinzani. Wengine wanasema ni majivuno ya bei ghali, kwamba siku hizi kuna vifaa vyepesi na safi zaidi. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona zote zinamsahau yule mzee mwenye msharasi.

Umbo lenyewe halina ubishi mkubwa. Tarishi na askari walijua zamani kwamba mzigo ukipita mshazari mwilini, mikono inabaki huru. Mwaka 1955 Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alipotoa mkoba wa wanawake wenye mnyororo wa kuning'iniza begani, alikuwa akiitikia haja hiyohiyo. Hapa kwetu haja hiyo iko kila asubuhi. Ukiwa soko la Jubilee unachagua nyanya huku umeshika mtoto, mkoba wa mkononi ni adhabu. Na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 pochi zimekonda: simu, kitambulisho, funguo, noti mbili tatu za nauli. Mkoba mdogo unatosha.

Wanaoupinga wana hoja moja nzito hapa, nami naikubali. Mkanda unaopita mwilini humzuia mwizi wa miguu, lakini mporaji akiwa juu ya pikipiki akaushika, anakuvuta pamoja nao. Ngozi nzuri haikatiki upesi, na hapo uimara wake unageuka hatari. Mimi nikipanda boda boda huuleta mbele, ukakaa kati yangu na mgongo wa dereva, na nikitembea barabarani huuelekeza upande wa ukuta.

Ubishi wenyewe uko kwenye ngozi. Nitaanza na kisa changu, kwa sababu kilinigharimu. Miaka michache iliyopita nilinunua mkoba mpya katika duka moja Nakuru, umepigwa muhuri wa ngozi halisi, nikalipa bei ya ngozi halisi. Miezi kumi na minne baadaye ulianza kubanduka magamba kwenye mikunjo kama mtu aliyechomwa na jua. Niliupeleka kwa mzee yuleyule wa Kisumu. Alikata kijipande chembamba pembeni, akakiwashia kiberiti. Kikakunjamana, kikawa tone jeusi, harufu ikawa ya plastiki. Kisha akachukua kipande cha ngozi ya ng'ombe kutoka kwenye kopo lake, akakichoma: harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yanayosagika kidoleni. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Kilichonipata kina sababu yake. Nyingi ya ngozi bandia hizi ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani, plastiki laini, na poliyurethani ya aina hiyo huvunjwavunjwa na unyevu na joto, hata mkoba ukikaa kabatini bila kuguswa. Sasa fikiria Kisumu, kando ya ziwa, na joto lake lile. Mkoba unaodumu miaka minne katika nchi kavu ya baridi unaweza kutufia mapema zaidi. Na ukishaanza kubanduka hakuna fundi wa kuusaidia, maana sindano haina pa kushika. Kuna pia ile ngozi ya mabaki, vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu. Hiyo humwezesha muuzaji kutaja neno ngozi bila kusema uongo kamili, na mimi naiona mbaya kuliko plastiki inayojitangaza.

Lakini wapenzi wa ngozi nao wasijifanye hawana deni. Ngozi ni nzito, na msimu wa masika ukiiacha kabatini inaota kuvu. Lazima uifute, uianike kivulini, uipake mafuta kidogo. Mtu mwenye watoto watatu na kazi ya zamu ana haki ya kusema hana nafasi hiyo. Bei nayo: mkoba mpya wa ngozi halisi ulioshonwa vizuri unaweza kula kodi ya nyumba ya mwezi mzima kwa wengi wetu. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ngozi ni nafuu baada ya miaka kumi ni hesabu sahihi isiyomfaa leo jioni.

Halafu kuna kiwandani. Sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa chumvi za kromiamu, kwa sababu kazi inaisha kwa siku moja hivi badala ya wiki nyingi. Ngozi hutoka na rangi ya samawati, na ngozi nyingi ya Kenya inayouzwa nje huondoka ikiwa katika hali hiyo, nusu safari. Maji yanayobaki yasiposafishwa ni sumu. Nakuru ina viwanda vya ngozi na ina ziwa ambalo hakuna mto unaotoka ndani yake. Kinachoingia Ziwa Nakuru hakina njia ya kuondoka. Anayeipenda ngozi na asiulize maji hayo yanasafishwaje, mapenzi yake yana pengo.

Njia nyingine ipo, tena tunaijua. Gome la mti wa muwati limejaa tanini, kemikali inayosindika ngozi, na Eldoret ilikuwa na kiwanda kikubwa kilichokamua dawa ya kusindikia ngozi kutoka kwa magome hayo. Ngozi ya namna hiyo huchukua wiki au hata miezi, hivyo bei yake hupanda, ila huzeeka kwa uzuri, inakolea rangi mahali mkono unapoigusa.

Kuhusu mnyama, nawaheshimu wasiotaka kuvaa ngozi kabisa. Lakini ng'ombe wetu hachinjwi kwa ajili ya mkoba. Bei ya ngozi mbichi imeshuka hadi baadhi ya machinjio huzitupa au kuzizika. Serikali iliweka ushuru wa asilimia 80 kwa ngozi mbichi zinazouzwa nje ili kazi ibaki nyumbani. Hata hivyo nyingine hufika sokoni zikiwa na makovu ya kupe, chapa za moto na mikato ya kisu cha mchinjaji, zikakosa thamani kabla hazijafika kiwandani. Hapa Kisumu wapo waliochukua ngozi ya samaki aitwaye mbuta, iliyokuwa taka za viwanda vya minofu, wakaisindika. Niliishika mara moja: nyembamba kama bahasha, imara ajabu, na pale gamba lilipokaa pamebaki kijifuko kidogo, maelfu yake, hakuna viwili vinavyolingana. Hiyo ingenitoa pesa mfukoni bila kubembelezwa.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nauunga mkono mkoba wa ngozi, kwa sharti moja: kuwe na fundi karibu. Ngozi haina muujiza. Uzi huoza, zipu hufa, pete huliwa na kutu. Inachotupa ni nafasi ya kushonwa tena. Anayeishi mbali na fundi, au asiye na pesa ya ngozi halisi, nitamwambia anunue mkoba wa turubai, unaofulika na unaoshoneka, kuliko ngozi bandia yenye muhuri wa kudanganya.

Linalonipa wasiwasi ni kwamba mzee wangu hana mwanafunzi. Kijana aliyekuwa akijifunza kwake sasa anaendesha boda boda, na simlaumu. Siku ile, baada ya kumaliza mkanda, mzee aliivuta zipu ya mkoba huku na huku, akatikisa kichwa. Alinyoosha kidole kwenye mkoba mwingine uliotundikwa msumarini, ngozi yake imepasuka vibaya, ila zipu ni nzima, ya shaba, upana uleule. "Mwenyewe aliniachia," akasema. "Rudi Jumamosi, nitakuwa nimeshaifumua."