Tarehe za On Kawara si kazi ya mvivu

Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu mchoraji On Kawara anasema msanii huyo alijipatia jina New York kwa "kuandika tarehe tu". Hapo simwungi mkono hata kidogo. Mimi huandika mabango ya maduka kwa brashi, na herufi nyeupe juu ya rangi iliyokolea haina huruma: mkono ukitetereka kidogo tu, ukingo unaonekana umeliwa.

Kawara, mzaliwa wa Kariya, Japani, alianza kuchora picha hizo zenye tarehe tu mnamo 4 Januari 1966 na akaendelea nazo kwa miaka zaidi ya 40. Alipaka rangi ya chini tabaka juu ya tabaka, kisha akaandika tarehe ya siku hiyo kwa mkono, bila stensili. Ikifika saa sita usiku hajamaliza, picha anaiharibu. Nyingi alizitengenezea boksi, ndani akaweka kipande cha gazeti la siku ile la mji aliokuwamo.

Safarini aliandika tarehe kwa lugha ya nchi aliyofikia. Nchi isiyotumia herufi za Kilatini, alitumia Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumike kimataifa. Kwa hiyo hata akirudi Japani, kwao alikozaliwa, tarehe ilikuwa ya Kiesperanto. Hilo limenigusa sana, na makala haikuligusia.